Nguvu ya Miguu ya Mtoto: Swali Kwanza, Kipimo Baadaye

Mzazi anaposema "mwanangu miguu yake haina nguvu", ndani ya maneno hayo machache mna maswali matatu, na kila moja lina mjuzi wake. La kwanza ni la zahanati: je, mtoto anaumwa? La pili ni la shule: je, mwili wake unapata uwezo kadiri anavyokua, kama wenzake? La tatu ni la uwanjani: je, ana kipaji cha kukimbia na kuruka? Mkanganyiko mwingi kuhusu nguvu ya miguu ya watoto wazima wa afya unatokana na kuyajibu maswali haya matatu kwa kipimo kimoja. Mtoto anayeshika mkia katika mbio za kuchagua timu ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, huitwa mgonjwa, ilhali ni mdogo tu kwa umbo. Mzazi mwingine anaambiwa kliniki kwamba uzito wa mwanawe uko vizuri, anarudi nyumbani akiamini kwamba na miguu imekaguliwa. Na mtoto ambaye mguu wake umelegea ghafla huachwa siku kadhaa ili "apate nguvu", wakati huyo ndiye hakupaswa kusubiri hata kidogo.

Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, ni mahali pafaapo kulitazama suala hili. Wilaya hii iliyoanzishwa 2002 ni ya pamba, mtama na ng'ombe, na ndani yake umo mgodi wa almasi wa Mwadui ulioanza 1940. Watoto wake hawakulii kwenye viti. Wanatembea kwenda shule, wanachunga, wanachota maji, wanavuna pamba. Kwa hiyo jedwali lililotengenezwa kwa watoto wa mjini Ulaya haliwezi kuwasemea bila kuhojiwa, na mashine ya maabara ya chuo kikuu haiwezi kuletwa kila shule. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba hakuna namba moja iitwayo nguvu ya miguu ya mtoto. Yapo maswali, na kila swali lina kipimo chake. Kwa mtoto mzima wa afya, kipimo chenye manufaa kuliko vyote ni kile chepesi kinachorudiwa kwa mtoto yuleyule, mahali palepale, mwaka hadi mwaka.

Nguvu ipi?

Mguu una makundi ya misuli yenye kazi mbalimbali. Misuli ya mbele ya paja hunyoosha goti, ya nyuma ya paja hulikunja, ya makalio huivuta nyonga nyuma na kumzuia mtu asiyumbe anaposimama kwa mguu mmoja, na kigimbi huinua kisigino. Mtoto anaweza kuwa hodari kwa kundi moja na wa kawaida kwa jingine. Tena nguvu yenyewe hujitokeza kwa namna tofauti. Kusukuma toroli lililonasa kwenye tope kunadai nguvu kubwa ya mara moja. Kuruka mtaro kunadai nguvu itolewe kwa kasi. Kurudi kutoka kisimani na ndoo kichwani kunadai ustahimilivu, na ustahimilivu unategemea moyo, mapafu na damu kama unavyotegemea misuli. Anayesema "nimepima nguvu" bila kutaja ni ipi kati ya hizi hajatuambia mengi.

Kuna jambo la pili ambalo watu wazima hulisahau. Nguvu ya mtoto haimo kwenye nyama za paja tu. Imo pia kwenye ubongo unaoziamrisha. Mtoto mdogo hawezi kuiamsha misuli yake yote kwa pamoja kama mtu mzima, na ndiyo maana mazoezi kabla ya balehe humwongezea nguvu bila misuli yake kunenepa sana: mishipa ya fahamu imejifunza kuiita. Kwa sababu hiyo, kipimo chochote cha mtoto ni kipimo cha misuli, cha uelewa wa maelekezo na cha hamu ya siku hiyo, vyote kwa mara moja. Mtoto wa miaka 4 asiyejua maana ya "sukuma kwa nguvu zako zote" atatoa namba ndogo, na namba hiyo itakuwa imepima zaidi jinsi alivyoelewa.

La tatu ni umbo, na hapa hesabu ndogo inasaidia. Chukua watoto wawili wanaosukuma kifaa kwa kunyoosha goti. Wa kwanza anasukuma newtoni 150, na kifaa kimewekwa sentimita 25 chini ya goti. Wa pili anasukuma newtoni 125, lakini mguu wake ni mrefu na kifaa kimewekwa sentimita 30 chini ya goti. Kwa macho, wa kwanza kamshinda mwenzake. Lakini goti huzunguka, na kinachohesabiwa kwenye kitu kinachozunguka ni nguvu mara umbali: 150 mara 0.25 ni 37.5, na 125 mara 0.30 ni 37.5 vilevile. Wametoka sare. Sasa ongeza uzito: wa kwanza ana kilo 25, wa pili kilo 30. Kwa kila kilo ya mwili, wa kwanza ana 1.5 na wa pili 1.25. Kipimo kilekile kimetoa majibu matatu, na yote matatu ni sahihi. Lipi la kutumia linategemea swali lililoulizwa. Kama tunataka kujua mtoto anavyoubeba mwili wake mwenyewe, tutagawanya kwa kilo. Kama tunafuatilia msuli uliowahi kuumia, tutaangalia nguvu ya goti kama ilivyo.

Mkono wa mtaalamu

Njia ya zamani zaidi hospitalini ni mkono wa mpimaji. Mtaalamu wa fiziotherapia humwambia mtoto anyooshe mguu, naye huusukuma kuurudisha. Kipimo kinachotumika kilitokana na kazi ya madaktari wa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walipohitaji kufuatilia askari walioumia mishipa ya fahamu. Kina ngazi kuanzia 0 hadi 5. Sifuri ni msuli usiotikisika kabisa. 1 ni mtikisiko unaoonekana bila kiungo kusogea. 2 ni kiungo kusogea kikiwa kimelazwa, bila kupambana na uzito wake. 3 ni kuuinua mguu dhidi ya uzito wake wenyewe. 4 ni kuhimili msukumo kiasi, na 5 ni kuhimili msukumo wote.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haina gharama, na kwa mgonjwa ina maana kubwa: kutoka 1 hadi 3 ni safari ambayo kila mzazi ataiona. Udhaifu wake unaanzia pale mtoto anapokuwa mzima. Watoto wote wazima wa darasa zima watapata 5, anayeruka mbali na asiyeruka mbali, na kipimo kinachowapa wote alama moja hakijawapima. Ngazi ya 4 nayo ni pana mno, kwani humkusanya aliyepungukiwa kidogo na aliyepungukiwa nusu. Kisha kuna mkono wenyewe. Misuli ya mbele ya paja ni mikubwa kiasi kwamba mtu mzima hupata shida kulikunja goti la mtoto wa shule aliyelinyoosha kwa nia. Udhaifu unaoanza pole pole unaweza kujificha humo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo wataalamu wazoefu wa watoto huongeza macho. Humwomba mtoto atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, aruke kwa mguu mmoja, achuchumae na kuinuka, na zaidi ya yote akae chini sakafuni kisha asimame bila kushika kitu. Tendo hili la mwisho lina historia. Daktari Mwingereza William Gowers alieleza mwaka 1879 jinsi watoto wenye ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli wanavyosimama: mtoto hugeuka akapiga magoti, huinua makalio, kisha huweka mikono kwenye magoti na kujipandia mapaja yake mwenyewe, mkono baada ya mkono, mpaka awe wima. Mara nyingi vigimbi vyake ni vinene, na mgeni angedhani ni mtoto mwenye miguu ya nguvu. Mwalimu wa darasa la awali anayewaona watoto wakiinuka kutoka kwenye mkeka kila siku ana nafasi ya kuliona tendo hili mapema kuliko daktari.

Mashine

Ili kuondoa kubahatisha kwa mkono, kuna dainamomita. Ya kushika mkononi ina ukubwa wa ngumi. Huwekwa kati ya mkono wa mpimaji na mguu wa mtoto, na husoma newtoni. Nyingine ni kiti kikubwa cha maabara chenye mota inayodhibiti mwendo wa goti na kuandika nguvu katika kila nyuzi ya mzunguko. Hicho cha maabara ndicho watafiti hukitumia kama kigezo cha kuvipimia vipimo vingine, lakini hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na kilitengenezwa kwa mwili wa mtu mzima. Mtoto wa miaka 7 huning'inia humo, na mhimili wa mashine haulingani na goti lake mpaka viongezwe mito na mikanda.

Dainamomita ya mkononi ina ahadi kubwa zaidi kwa hospitali ya wilaya. Inagundua tofauti kati ya mguu wa kulia na wa kushoto, na inaonyesha kama mtoto anayefanyiwa mazoezi anapata nafuu. Lakini ina masharti, na masharti hayo ndiyo husahaulika. Mpimaji lazima awe na nguvu kuliko mguu anaoupima. Akisukumwa yeye, kifaa kinasoma nguvu ya mkono wake. Kiwekwe umbali uleule chini ya goti kila mara, la sivyo hesabu ya 25 na 30 tuliyoiona juu itaharibu kila kitu. Mtoto akiambiwa "sukuma" hutoa namba moja, na akiambiwa "zuia nisikusukume" hutoa nyingine, kwa kawaida kubwa zaidi, hivyo namba za wapimaji wawili waliotumia maneno tofauti haziwezi kulinganishwa. Kifaa ghali mikononi mwa mtu asiyefundishwa huleta uongo wenye nukta ya desimali, nao ni mgumu kuupinga kuliko uongo wa kawaida.

Tepu na mstari ardhini

Njia ya tatu haihitaji umeme. Mstari huchorwa ardhini. Mtoto husimama pekupeku, vidole nyuma ya mstari, miguu imeachana kidogo. Anachutama nusu, anarudisha mikono nyuma, anairusha mbele na kuruka kwa miguu yote miwili. Tepu hunyooshwa kutoka mstarini hadi kwenye kisigino kilichotua karibu zaidi. Akianguka nyuma, anarudia. Anapewa nafasi tatu, inaandikwa iliyo bora. Darasa zima linaweza kumalizika katika kipindi kimoja cha michezo. Baraza la Ulaya liliweka mruko huu katika mkusanyiko wake wa vipimo vya watoto wa shule uliotolewa 1988, na tafiti zilizoulinganisha na vipimo vingine zimeonyesha kwamba watoto wanaoruka mbali ndio pia, kwa kawaida, wanaofanya vizuri katika vipimo vingine vya nguvu ya misuli.

Hata hivyo mruko si nguvu tupu. Ndani yake mna mbinu ya kurusha mikono, urari wa kutua na ujasiri. Mtoto aliyezoea kuruka kamba au kuvuka mitaro atamzidi mwenzake mwenye misuli ileile ambaye hajazoea. Uzito nao uko kazini: mwenye kilo 40 akiruka umbali sawa na wa kilo 28, ametumia nguvu nyingi zaidi, lakini tepu haijui hilo. Kwa hiyo umbali wa mruko unajibu swali la mtoto anavyoweza kuurusha mwili wake, swali lenye maana kubwa kwa maisha yake, bila kujibu lile la msuli mmoja mmoja.

Na kuna ardhi. Katika nchi ya Wasukuma kila mkulima anajua tofauti ya luseni, udongo wa kichanga wa juu ya mteremko, na mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi wa bondeni. Luseni iliyolegea humeza msukumo wa mguu, na mtoto hupoteza umbali kabla hajaondoka chini. Mbuga kavu ni ngumu kama saruji na ina nyufa za kumtegua mtoto kifundo; ikilowa, inateleza. Shule mbili zilizo kwenye mteremko mmoja zinaweza kutoa wastani tofauti kwa sababu ya udongo peke yake. Anayetaka kulinganisha mwaka huu na mwaka ujao achague mahali pamoja, ikiwezekana sakafu ya veranda ya darasa kwa kuondokea na mchanga wa kutulia, na mwezi mmoja. Mwezi una uzito wake. Kumpima mtoto kabla ya mavuno, akiba ya chakula imepungua ghalani, kisha kumpima mwakani baada ya mavuno na kusema ameimarika, ni kupima ghala.

Kwa watoto ambao mruko ni mgumu kuuelewa kuna kipimo cha kuinuka kwenye kiti: mtoto amekunja mikono kifuani, anasimama na kukaa mara tano kwa haraka, na simu ya mkononi inahesabu sekunde. Benchi liwe la kimo kinachoacha magoti yake yamekunjika kwa pembe mraba na nyayo zikiwa chini. Madawati ya shule za msingi hayana kimo kimoja, na hapo ndipo kipimo hiki huharibika.

Afrika Mashariki imewahi kuvitumia vipimo vyepesi vya namna hii kwa jambo kubwa. Katika pwani ya Kenya, Lani Stephenson na wenzake waliwapima wavulana wa shule wenye kichocho na minyoo kwa zoezi la kupanda na kushuka kijukwaa, kisha kuhesabu mapigo ya moyo yanavyorudi chini. Katika matokeo waliyochapisha 1993, miezi minne baada ya dozi moja ya dawa ya minyoo, waliotibiwa walikuwa na uwezo bora wa mwili kuliko ambao hawakutibiwa, na hamu yao ya chakula na ukuaji wao viliongezeka. Kipimo hicho kinahusu moyo na damu zaidi kuliko paja, lakini funzo lake linatuhusu moja kwa moja. Kijukwaa na saa vilitosha kuonyesha kwamba kilichodhaniwa ni ulegevu wa watoto kilikuwa ugonjwa unaotibika, na kilionekana kwa sababu watoto walipimwa mara mbili na kulinganishwa na wenzao wa palepale.

Jedwali la nani?

Namba ikishapatikana, swali linalofuata ni kama ni nzuri au mbaya. Hapo ndipo majedwali ya nje huingia. Uholanzi ilitoa mwaka 2001 viwango vya dainamomita ya mkononi kutokana na watoto 270 wa miaka 4 hadi 16. Kwa mruko na vipimo vingine vya shuleni, mwaka 2018 yalichapishwa majedwali yaliyokusanya matokeo zaidi ya milioni 2.7 kutoka nchi 30 za Ulaya. Ni kazi kubwa na za kuheshimiwa, na wapo wanaosema zinatosha: misuli ya binadamu ni ileile, na sheria za fizikia hazibadiliki kwa kuvuka ikweta.

Hoja hiyo ina mfano unaoiunga mkono. Shirika la Afya Duniani lilipotoa viwango vya ukuaji wa watoto wadogo mwaka 2006, lilitumia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likaonyesha kwamba watoto wanaolishwa na kutunzwa vizuri hukua kwa namna inayofanana sana. Lakini kimo hakifundishwi, wakati nguvu inafundishwa kila siku na kazi, michezo na mwendo. Tena viwango vile vilijengwa kwa kuchagua watoto waliotunzwa vizuri, ilhali nchini Tanzania, kwa utafiti wa kitaifa wa 2022, asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mtoto mfupi ana nyenzo fupi za miguu, na akilinganishwa na Mholanzi wa umri wake ataonekana dhaifu, hata kama kwa kimo chake ni hodari. Na umri wenyewe lazima uwe wa kweli. Palipo na watoto wasio na cheti cha kuzaliwa, kosa la mwaka mmoja katika umri huchukua nafasi ya tofauti ya nguvu tuliyokuwa tukiitafuta, hasa karibu na balehe, ambapo watoto wawili wa miaka 13 wanaweza kuwa mmoja mtoto na mwingine karibu mtu mzima.

Ndiyo maana naona jedwali la nje litumike kama dira ya mbali tu. Kipimo cha karibu ni mtoto mwenyewe wa mwaka jana, kisha wenzake wa kimo chake. Mtoto anayekua huongezeka umbali wa mruko, au angalau hapotezi. Anayekwenda kinyume kwa zaidi ya kosa la kawaida la tepu ameleta habari, iwe yuko juu au chini ya wastani wa Ulaya.

Ambapo kupima ni kosa

Yapo mazingira ambayo kuchukua tepu au dainamomita ni kupoteza muda wa mtoto. Mguu wa mtoto chini ya miaka 15 ukilegea ghafla, hilo linahesabiwa kuwa tukio la kuripotiwa, kwa sababu ya polio. Watumishi wa afya wanatakiwa kuchukua sampuli mbili za choo ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze, na mtoto huchunguzwa tena baada ya siku 60 kuona kama ulegevu umebaki. Tanzania ilimaliza polio ya asili mwaka 1996. Hata hivyo mwaka 2022 kirusi cha asili kilithibitishwa Malawi na Msumbiji, na mwaka 2023 nchi yetu ilithibitisha kirusi kilichotokana na chanjo kwa mtoto mkoani Rukwa. Kila siku inayopotea mtu akijaribu kujua mguu umepungukiwa nguvu kiasi gani ni siku iliyokatwa kutoka kwenye zile 14.

Konzo inafundisha jambo jingine. Mwaka 1985, katika Wilaya ya Tarime mkoani Mara, ugonjwa huu wa kukakamaa miguu ulizuka baada ya ukame kuwafanya watu wategemee mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha. Watoto na wanawake wa umri wa kuzaa ndio huathirika zaidi. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya 1996 vya kuutambua havidai mashine: vinaangalia mwendo wenye kukakamaa kwa miguu yote miwili mtu anapotembea au kukimbia, ulioanza ndani ya chini ya wiki moja kwa aliyekuwa mzima, na magoti au vifundo vinavyoruka kupita kiasi vikigongwa. Miguu ya konzo inaweza kuwa na misuli yenye nguvu isiyopata amri sahihi, hivyo mashine ya newtoni ingeweza kumpotosha mpimaji. Aliyesema "kimbia hadi kwenye mti ule urudi" ndiye aliyekuwa akipima.

Vivyo hivyo kwa ukanda wa dhahabu. Shirika la Human Rights Watch liliandika 2013 kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye migodi midogo ya Tanzania, ikiwemo Geita, na kuvuta mvuke wa zebaki. Zebaki huharibu mfumo wa fahamu: mikono hutetemeka, mwendo hupoteza urari. Mtoto wa namna hiyo anaweza kusukuma vizuri akiwa amekaa, kisha akayumba akitembea kwenye mstari. Shinyanga pia ni miongoni mwa mikoa yenye maji ya ardhini yenye floridi nyingi, ambayo ikizidi kwa miaka huharibu meno na hata mifupa, na mfupa uliopinda haunyooshwi na mazoezi ya paja.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la bajeti: kwa nini kuwapima wazima wakati wagonjwa hawajatoshelezwa? Lina nguvu dhidi ya mashine, na mimi nalikubali hapo kabisa. Halina nguvu dhidi ya tepu, kwa sababu gharama yake ni ndogo, na kwa sababu bila kujua wazima wa Mhunze wanarukaje, mtaalamu hana cha kumlinganishia mgonjwa wa Mhunze.

La pili linasema uzito, kimo na utepe wa mzingo wa mkono tayari vinatosha. Vinatosha kumwokoa mtoto mwenye utapiamlo mkali, na visiguswe. Lakini vinapima kilichomo mwilini, wakati mruko unapima kinachoweza kufanywa nacho. Mtoto mwenye upungufu wa damu kutokana na minyoo anaweza kuwa na uzito unaokubalika na bado akachoka baada ya hatua chache. Mtoto mwenye sikoseli, ugonjwa ulioenea sana kanda ya ziwa, anaweza kupata kiharusi kinachoacha mguu mmoja nyuma, na mzani hautaona.

La tatu ndilo linalonigusa zaidi: watoto watabandikwa majina. Orodha ikisomwa mbele ya mstari wa asubuhi, wa mwisho atabeba jina la "legelege" mpaka amalize shule ya msingi. Hofu hii ni ya kweli, na jibu lake ni la utaratibu. Mtoto arukie pembeni, namba iandikwe kwenye daftari la mwalimu, wala isitumike kuchagua timu. Mwalimu atakayeigeuza kuwa mashindano ameharibu kipimo, kwa sababu mtoto aliyeaibishwa hatasukuma kwa nguvu zake zote mwaka ujao.

Kwa Mhunze

Uamuzi wangu, baada ya kuzipima njia hizi, ni huu. Dainamomita ya mkononi ina nafasi kwenye chumba cha fiziotherapia cha hospitali, kwa mtoto aliyekwisha kuonekana ana tatizo, mikononi mwa mtu aliyefundishwa. Kiti cha maabara kibaki vyuoni. Shuleni ziwepo tepu, sakafu moja isiyobadilika na mwezi mmoja usiobadilika, na ziandikwe namba tatu kwa kila mtoto: kimo, uzito, mruko. Mwalimu afundishwe ishara nne za macho ambazo hazihitaji namba: mtoto anayepanda mapaja yake kwa mikono akisimama, anayeshindwa kutembea kwa visigino, anayekimbia miguu imekakamaa, na anayetumia mguu mmoja tofauti na mwingine. Huyo apelekwe zahanati hata kama ameruka mbali kuliko wote.

Ofisi za elimu na afya za wilaya zinaweza kuanza na shule chache, kwa miaka mitatu. Mwisho wa miaka hiyo Kishapu itakuwa na jedwali lake la watoto wake wenyewe, kwa kimo chao na kwa ardhi yao. Na kwa mzazi anayesoma haya leo, mambo mawili tu. Mtoto wako mzima akishindwa na wenzake kuruka, mpe chakula, usingizi, dawa ya minyoo kwa wakati wake na nafasi ya kucheza, umwangalie tena mwakani. Mguu ukilegea ghafla, mpeleke zahanati siku hiyohiyo, mwambie mganga siku na saa ulipoanza, na uulize sampuli ya choo itachukuliwa lini.